Kila Neno la Ripoti Ile Lilikuwa Kweli

Ripoti iliyoandikwa vibaya ilikuwa ikimchafua tumbo Sajini. Sisemi hivi kwa kutia chumvi, maana yeye ndiye aliyenitoa tabia ya kutia chumvi. Nilimuona kwa macho yangu asubuhi moja akisoma kurasa mbili za askari mmoja kuhusu ugomvi wa zamu ya maji ya falaji, mfereji wa kumwagilia mashamba. Alipofika katikati ya ukurasa wa pili akaisukuma sahani yake ya mkate, akatoka nje kwenda kutema mate nyuma ya ukuta. Aliporudi aliishika ile karatasi kwa ncha za vidole viwili, kama mtu anayemtoa mjusi aliyekufa mtungini, akamrudishia mwenyewe.

"Umemtukana huyu mtu mara sita," alimwambia kwa Kiarabu, "na hujasema alimpiga nani."

Nilikuwa karani wake kwa miaka minane katika kituo kidogo cha polisi upande wa Sharqiya, baina ya Ibra na Sur. Jina lake silitaji. Wenyeji wakimwita Raqibu, kwa cheo chake cha Kiarabu. Sisi tuliokuja kutoka Unguja tukimwita Sajini, kwa kuwa upolisi aliuanza huko kabla ya mwaka wa sitini na nne, na alipofika Omani aliuendeleza pale pale alipouachia. Kinyaa alichokuwa nacho yeye juu ya karatasi mbovu, mimi ninacho juu yake. Kimenikaa kifuani mpaka leo, na sehemu yake moja ni juu yangu mwenyewe.

Alikuwa mwembamba, msafi kupita kiasi, ananuka mafuta ya karafuu aliyokuwa akijipaka kwenye fizi. Akimaliza sentensi iliyompendeza alikuwa na kikohozi kidogo cha kuridhika, khm, kama paka aliyelamba maziwa. Mwanzo kikohozi hicho nilikitafuta kama mtoto anavyotafuta peremende. Baadaye nilikuwa nikikisikia tu, kifua hunipanda.

Kila kitu cha watu wengine kilimtia kinyaa. Wenyeji wa bara ya Omani wana fijani mbili tatu za kahawa, zinazunguka baraza zima: akinywa huyu anapewa yule. Sajini alikuwa na fijani yake mwenyewe mfukoni, imefungwa kitambaa cheupe. Akienda kwa mtu kuuliza habari za mbuzi waliopotea, anaitoa, anaifuta, anaikinga imiminiwe. Mzee mmoja mwenye heshima zake aliwahi kumuuliza kwa upole kama katika nyumba ile ameona maradhi. Sajini akajibu kwamba hajaona maradhi, ameona midomo. Tulitoka pale hatujapata habari ya mbuzi wala ya kitu chochote. Njiani nilimwambia, "Sajini, umewavunjia heshima." Akanijibu kwamba heshima ni yao na matumbo ni yake.

Lakini katika kuandika, Wallahi, sijaona mwalimu kama yeye.

Nilikuja kwake Kiarabu changu kikiwa cha msikitini tu. Kusoma nikijua, kuzungumza nikibabaika, na askari wenzangu walikuwa wakinicheka na kuniita Zinjibari. Yeye hakunicheka hata siku moja. Alinikalisha mbele yake akasema, "Karani, nambie kwanza kwa Kiswahili. Jambo likinyooka kwa lugha ya mamako litanyooka kwa lugha yoyote." Basi ikawa ndiyo kawaida yetu. Kila tukio nilimsimulia kwa Kiswahili, akalikatakata mpaka likabaki mifupa, ndipo tukaligeuza Kiarabu.

Neno lake kubwa lilikuwa "nani." Siku moja nilimwambia kioo cha duka la nguo kimevunjika. Akaweka kalamu chini.

"Kimevunjika chenyewe?"

"Kimevunjwa."

"Na nani?"

"Sijui, Sajini."

"Basi andika hujui. Usimfiche mtu nyuma ya kitenzi."

Akanieleza kwamba Kiswahili chetu kina kuvunja, kuvunjwa na kuvunjika, na kwamba mtu akitaka kudanganya huanza na la kwanza, akateremka la pili, akenda kujilaza kwenye la tatu. Nilipokuja kujua Kiarabu vizuri niliona nacho kina milango yake ya nyuma kama hiyo, na Sajini anaijua yote, mmoja mmoja.

Sifa za watu hakuzitaka kabisa. Alisema sifa ni mafuta, na karatasi ikiingia mafuta wino haushiki. Nilipoandika kwamba mtu fulani alikuwa na hasira, aliniuliza hasira ina rangi gani. Nikamwambia yule mtu alikuwa ameshika jiwe, mshipa wa shingo umemsimama, na amemwita jirani yake mbwa mara mbili. Akasema niandike hayo, hasira atakayeisoma ataiona mwenyewe. Nilipoandika kwamba mwizi alitoroka na mbuzi, aliniuliza kama nilimuona akiiba au nilimuona akitembea na mbuzi. "Macho yako ndo yaloajiriwa," alikuwa akisema. "Moyo wako haujaajiriwa, uache nyumbani ukalinde watoto."

Wageni wakimsikia wakidhani hana moyo. Nami nilidhani hivyo mpaka aliponikaribisha kwake Alkhamisi moja alasiri. Pale nilimkuta mtu mwengine kabisa. Mkewe alikuwa ametoa sambusa na mkate wa kumimina, familia tatu nne za kwetu zimekaa mkekani, na Sajini katikati anasimulia alivyowakamata wezi wa karafuu alipokuwa kijana. Aliigiza sauti zao, alitambaa chini, alipiga ukuta kwa kiganja kuwa ndio mlango unavunjwa. Mkewe, aliyekuwa akimimina chai, akasema bila ya kuinua macho, "Leo wezi saba. Mwezi ulopita walikuwa wanne." Watu wakaangua kicheko, na Sajini naye akacheka mpaka akajifuta machozi. Nilimuuliza baadaye imekuwaje. Akanijibu kwamba barazani anayemsikiliza anaweza kumkatiza, kwa hiyo ruhusa ipo. Karatasi haimpi mtu nafasi ya kukatiza.

Nitaje na jengine la kumpa haki yake. Siku moja alikuwa akiendesha Landrova ya kituo akagonga ukuta wa shamba la mitende la mtu, nao ukaanguka upande mzima. Hapakuwa na shahidi. Mwenye shamba alikuwa Maskati. Angeweza kusema ngamia alikatiza njia, na nani angembishia? Alirudi kituoni, akakaa, akaandika: "Mimi, Raqibu wa kituo, nilikuwa nikiangalia nje ya dirisha la kushoto. Sikuona ukuta. Nimeugonga." Mistari mitatu. Alipewa adhabu, akakosa kupandishwa cheo mwaka ule, na hakulalamika. Mimi nilitoka kujisifu kwa watu kwamba nafanya kazi chini ya mtu wa haki.

Haya yote nayasema ili ieleweke kwamba alijua. Si mtu aliyekosea kwa ujinga.

Lami ilikuwa bado mpya kwetu wakati huo. Watu na punda walikuwa hawajaizoea, na madereva walikuwa wameizoea haraka mno. Asubuhi moja, kiasi cha saa mbili, tuliitwa kilomita chache kutoka kituoni. Mzee mmoja wa kijiji cha jirani alikuwa amegongwa na pikapu ya kampuni moja ya kuchimba visima, akafa papo hapo. Nitasema tulichokiona, kwa sababu nilikiona mimi pia. Maiti ilikuwa katikati ya lami. Nje ya lami, upande wa kushoto, palikuwa na jiwe la kukalia, na kando ya jiwe fimbo imelazwa, na kiatu cha mguu wa kushoto kimewekwa wima, ukanda wake umefunguliwa. Ni kiatu cha mtu aliyekaa kujitoa mwiba. Alama za matairi zilitoka kwenye lami, zikapita kwenye changarawe mpaka pale kwenye jiwe, zikarudi kwenye lami.

Tulipima kila kitu. Mimi nilishika ncha moja ya utepe, Sajini akashika nyengine, akaandika katika daftari lake na kuchora mchoro. Dereva alikuwa amekaa chini. Alikuwa kijana wa kwetu, mzaliwa wa Unguja, hajamaliza mwaka Omani. Aliniambia kwa Kiswahili, bila ya kuulizwa, kwamba kanda ya kaseti ilimwanguka akainama kuiokota. Sajini alikuwa amesimama nyuma yangu. Alimtazama yule kijana usoni, kisha akamuuliza jina la mama yake. Kijana akalitaja. Sajini akafunga daftari.

Alasiri alinipa rafu ya ripoti ninakili kwa hati safi, kama kawaida yetu. Niliisoma mara mbili. Ilikuwa fupi, nzuri, haina neno la ziada. Ilisema kwamba marehemu alikuwa mzee wa miaka mingi. Ilisema kwamba jicho lake la kulia halikuwa likiona, kwa ushahidi wa jamaa zake. Ilisema kwamba breki za gari zilikaguliwa zikaonekana nzima, na kwamba dereva hakuwa mlevi na ana leseni. Ilisema kwamba marehemu alikutwa amelala katikati ya lami, na ikataja umbali wa kutoka kila ukingo wa barabara, kwa sentimita. Jiwe halikuwamo, wala kiatu, wala alama za matairi, wala kaseti.

Nilikwenda nayo mezani kwake. "Sajini, pamesahaulika vitu."

"Hapajasahaulika kitu."

"Lakini hii si..."

"Nioneshe uwongo, Karani. Tia kidole chako penye uwongo, nami nitaufuta."

Nikatafuta. Naona haya kusema kwamba nilitafuta kweli, kidole kinateremka mstari kwa mstari, na hapakuwa na neno hata moja la uwongo. Alinifunza yeye kusoma vile. Aliponiona nimekwama aliteremsha sauti, akaniambia kwamba usiku wa Mapinduzi mama wa yule kijana alimficha yeye, Sajini, uvunguni mwa kitanda chake siku nne, na walipokuja watu kumtafuta aliapa kwa Msahafu kwamba hamna mwanamume ndani. "Mtoto wake ni huyu mmoja," akasema. "Na sisi hapa ni wageni. Wataka waseme Wazinjibari wamekuja kuwaua wazee wao?"

Nilichukua karatasi nikarudi mezani kwangu, nikainakili. Hati yangu ilikuwa nzuri kuliko ya mtu yeyote kituoni. Nilipomaliza akaisoma, akatia saini, na akakohoa kile kikohozi chake.

Wiki iliyofuata yule kijana alileta bakuli la halwa kituoni. Sajini hakuigusa, kwa vile ilikuwa imeshikwa na watu. Mimi niliila. Ilikuwa nzito na tamu, imetiwa zafarani na lozi, na nililamba vidole. Kila nikikumbuka ulimi unanigeuka.

Jambo lilifungwa. Familia ya marehemu ilimalizana na kampuni, wazee wakapeana mikono, na kwetu kituoni jalada likawekwa kabatini. Lakini ripoti ina miguu. Mtu aliisoma, akamwambia mtu, na neno lililotembea katika kijiji kile lilikuwa moja tu: mzee alikutwa amelala katikati ya barabara. Amelala. Asubuhi, juani, mtu mzima na akili zake, amelala katikati ya barabara kufanya nini? Mkewe alikuwa amekufa miezi michache nyuma. Watu wakajumlisha. Wakaanza kunong'ona kwamba mzee aliifuata gari kwa nafsi yake, na kila Mwislamu anajua uzito wa neno hilo. Wapo walioacha kumtaja kwenye khitma.

Binti yake, Zayana, alikuja kituoni peke yake, amevaa barakoa yake ya Kisharqiya, akasimama mbele ya meza ya Sajini akataka asomewe ile karatasi. Alisomewa, taratibu, kwa sauti nzuri. Kisha akauliza juu ya kiatu. Maiti ililetwa na kiatu kimoja, na baba yake hakutoka nyumbani na kiatu kimoja. Kiatu kilikuwa kwetu, katika sanduku la vitu vilivyookotwa. Sajini akaniamuru nikilete, nikakileta, nikampa mkononi.

"Mlikiokota wapi?" akauliza.

"Njiani," akajibu Sajini.

Hilo nalo lilikuwa neno la kweli. Mimi nilikuwa nimesimama baina yao, na nilitazama sakafu.

Alikuja tena na tena, sikumbuki mara ngapi. Hakuwa akipiga kelele. Alikuwa akiuliza swali moja: baba yake alikuwa nje ya barabara au ndani? Na Sajini akimjibu jibu moja, kwamba alikutwa ndani. Kisha akapotea zaidi ya mwaka, nikafikiri amekata tamaa. Kumbe alikuwa amejiandikisha katika darasa la kina mama la kufuta ujinga. Siku aliyorudi hakutaka kusomewa. Aliomba karatasi, akakaa kwenye benchi, akaweka kidole kwenye neno la kwanza.

Ilimchukua asubuhi nzima. Alisoma kwa midomo, herufi kwa herufi, akifika neno gumu anarudi nyuma analijia tena, na hakuna askari aliyethubutu kumsaidia. Adhana ya adhuhuri ilipoanza alikuwa amefika kwenye saini. Alisimama akaiweka karatasi mezani, akaniambia mimi, si Sajini:

"Hamna uwongo humu. Lakini baba yangu simuoni humu."

Sajini alimtazama mpaka akatoka. Kisha akaniambia kwa Kiswahili, "Anasoma vizuri." Nilisubiri aseme kitu chengine. Akafungua jalada la wizi wa pampu ya maji.

Hapo ndipo kinyaa changu kilipoanza khasa. Sikuweza tena kula naye chumba kimoja. Nikisikia harufu ya karafuu natoka nje. Lakini sikusema neno kwa mtu yeyote, nilimaliza miaka yangu pale nikiandika sentensi fupi na safi, na nafasi ya kuhamia Nizwa ilipopatikana niliikimbilia. Nilimuaga kwa kumshika mkono. Akaniombea dua nzuri, dua ya mzazi, nikaitikia amina.

Zayana alikuja kuipata karatasi iliyo sahihi. Lakini aliipata baada ya miaka kumi na kitu, ikiwa na saini mbili chini yake, ya Sajini na yangu, na aliyempelekea ni mimi. Aliisoma yote akiwa amesimama mlangoni, na mara hii haikumchukua hata dakika mbili. Akaniambia nimechelewa. Hakunikaribisha kahawa, na katika nchi ile mtu hata adui yake humkaribisha kahawa. Imamu wa kijiji aliisoma mbele ya watu baada ya sala ya Ijumaa. Nimeambiwa, mimi sikuwapo.

Ilipatikana namna hii.

Miaka ya thamanini ilikuwa inaelekea mwisho. Nizwa nilikuwa nimeshapanda cheo, na miongoni mwa kazi zangu ilikuwa kuwafunza vijana wapya kuandika ripoti, katika chumba cha nyuma, mara moja kwa wiki. Siku moja mwenzangu aliniletea fotokopi za kuwagaiya. Alisema ni mfano wa ripoti bora, umekuwa ukitumika sehemu nyingi kwa vile haina neno la ziada, na majina yamefutwa. Nilitupa jicho. Sikuhitaji kusoma. Ilikuwa hati yangu.

Nilikaa nazo mapajani nikihisi mate yananijaa kinywani. Jicho la kulia halikuwa likiona. Breki zilikuwa nzima. Alikutwa amelala. Vijana wangapi walikuwa wamekwishaisoma, wakaipenda, wakaiiga? Mwenzangu akaendelea kusema kwamba mwandishi wake amestaafu, anaishi Fanja karibu na mwanawe, na amekubali kuja wiki ijayo kuzungumza na vijana.

Alikuja. Nilimpokea mlangoni. Alikuwa amekonda zaidi, amevaa kanzu nyeupe iliyopigwa pasi, fizi zile zile zinanuka karafuu.

"Shikamoo, Sajini."

"Marahaba, Karani. Umenenepa."

Vijana ishirini hivi walisimama kumheshimu. Aliwafunza saa nzima, na lazima niseme aliwafunza vizuri. Aliwauliza nani. Aliwauliza hasira ina rangi gani. Walicheka, waliandika. Mimi nilikaa nyuma, nimefumbata mikono. Kisha akachukua ile fotokopi, akawasomea kwa sauti yake nzuri, sentensi baada ya sentensi, akiwaonesha jinsi ilivyo safi.

Kijana mmoja akainua mkono. Alikuwa wa upande wa Wadi Bani Khalid, mkimya, mtoto wa wachunga mbuzi. Akauliza mzee yule alikuwa amevaa nini miguuni.

"Ripoti haisemi," akajibu Sajini.

"Ndiyo maana nauliza," akasema kijana kwa adabu. "Mtu wa kwetu asubuhi hatoki bila ya viatu, kuna miiba. Na gari ikimpiga mtu, viatu humtoka, hubakia pale alipopigwa. Viatu vilikuwa wapi?"

Sajini aliiangalia karatasi kama kwamba huenda viatu vimo. Kisha akainua macho akanitazama mimi, nyuma ya chumba, na vijana wote wakageuka kufuata macho yake. Nilijua kwamba nikikaa kimya mara hii sitoweza tena kujivumilia. Nikasimama.

"Kiatu cha kushoto kilikuwa kando ya jiwe," nilisema kwa Kiarabu. "Nje ya lami."

"Nje kiasi gani?" akauliza Sajini.

"Mita mbili na nusu."

Nilidhani atanitukana, au atatoka. Aligeuka ubaoni, akachukua chaki, akaandika: kiatu cha kushoto, mita mbili na nusu nje ya lami. "Kimekaaje?" akauliza akiwa amenipa mgongo. Wima, nikamwambia, ukanda umefunguliwa. Akaandika. Akauliza fimbo, nikamwambia. Akauliza matairi, nikamwambia yalikotokea na yalikorudia. Akauliza dereva alikuwa akifanya nini, nikasema aliinama kuokota kaseti, aliniambia mwenyewe. Akaandika yote, ubao ukajaa, akaweka chaki na kupangusa vidole.

"Haya," akawaambia vijana. "Kosa la nani?"

"La dereva," wakajibu wengi.

"Na nani mwengine?"

Walitazamana. Sajini akangoja, kama alivyokuwa akiningoja mimi zamani, bila ya kusaidia. Mwisho yule kijana wa Wadi Bani Khalid akasema, kwa sauti ndogo, macho chini:

"La aliyeiandika ripoti."

"Sawa kabisa," akasema Sajini. Kisha akanitazama usoni, na kwa Kiswahili, lugha ambayo hakuna mwengine chumbani aliyeijua, akaongeza:

"Na alonakili."

Vijana wakanigeukia, wakaniuliza mzee amesema nini. Wangeridhika na lolote ambalo ningewaambia. Nikawafasiria.